Krismasi ya Mlinzi wa Zamu

Kila mwaka, orodha ya zamu za Desemba ibandikwapo ukutani, husikika manung'uniko yale yale makambini na katika vituo vya polisi. Askari aliyepangiwa lindo usiku wa tarehe 24 hujiona ameporwa sikukuu. Wenzake watakwenda kanisani, watakula matoke na kuku pamoja na jamaa zao, watacheza ngoma hata alfajiri. Yeye atasimama gizani na bunduki yake akisikiliza vyura. Nataka kumwambia askari huyo kwamba hajaporwa kitu. Yaelekea kuwa kati yetu sote ndiye aliyewekwa karibu zaidi na usiku wenyewe tunaouadhimisha.

Tuitazame Injili ya Luka. Habari ya kuzaliwa kwa Yesu haikupelekwa kwanza kwa mfalme, wala kwa makuhani, wala kwa wenye karamu. Ilipelekwa kwa wachungaji waliokuwa wakilinda kundi lao makondeni usiku. Na wafasiri wa Biblia ya Kiswahili, walipotafuta neno la kuuelezea ulinzi ule, walichagua neno tulitumialo sisi kila siku: zamu. Watu wale hawakuwa wamekwenda kusali. Walikuwa macho kwa sababu kazi yao iliwataka wawe macho. Wahubiri wetu hulipita jambo hili upesi, nami naona halistahili kupitwa upesi, kwa maana latuonyesha kwamba ukimya wa mtu aliye kazini ulitosha kuwa mahali pa kuipokelea habari kubwa.

Wala ukimya huo haukuwa wa wachungaji peke yao. Zakaria, baba wa Yohana Mbatizaji, alikaa bubu hata mwanawe alipopewa jina. Mariamu aliyaweka moyoni yote aliyoyasikia, akawa anayatafakari. Ndugu zetu Waislamu wanazo habari hizi katika Kurani, katika sura ya 19, iliyopewa jina la Bibi Maryamu mwenyewe. Humo Nabii Zakaria anapewa ishara ya kutosema na watu kwa siku tatu, na Bibi Maryamu, akiisha kujifungua penye shina la mtende, anaagizwa kuweka nadhiri ya kutosema na mtu yeyote siku hiyo. Jamaa zake wanapomshutumu hajitetei hata kwa neno moja, anamwashiria mtoto.

Sisemi kwamba dini hizi mbili ni moja. Mkristo anakiri kwamba mtoto yule ni Mwana wa Mungu. Mwislamu anamtukuza kuwa nabii na hakubali zaidi ya hapo. Na askari wawili walalao katika hema moja hawana haja ya kudanganyana juu ya jambo hilo. Lakini vitabu vyote viwili vinauweka ukimya katika habari za kuzaliwa kule. Sisi tumeweka vipaza sauti.

Litajwapo neno tafakuri, afisa wa zamu atauliza kwanza kama mlinzi anaambiwa afumbe macho. La, asifumbe. Mlinzi afumbaye macho lindoni ana kosa, na adhabu yake yajulikana. Tafakuri ninayoisema hufanywa kwa macho yaliyo wazi na masikio yaliyotegwa. Simama sawasawa. Isikie pumzi ikiingia na kutoka, kama wafuasi wa Buddha walivyofundishwa tangu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Likija wazo la deni, au la ugomvi ulioacha nyumbani, usipigane nalo wala usilifuate. Rudi kwenye pumzi na kwenye uwanja ulio mbele yako. Aliye Mkristo na airudie moyoni sala fupi, kama walivyofanya watawa wa jangwa la Misri katika karne ya 4. Aliye Mwislamu ana dhikri, naye anajua kwamba Mtume wake alizoea kujitenga katika pango la Hira, karibu na Makka, kabla ya kuteremshiwa wahyi. Simu ibaki mfukoni, maana mwanga wake humwonyesha adui uso wa mlinzi. Nathubutu kusema kwamba mlinzi wa namna hii husikia kijiti kikivunjika mapema kuliko yule ambaye mwili wake uko lindoni na kichwa chake kiko kijijini.

Hata hivyo, mtu asidhani kwamba ukimya ni starehe. Askari akikaa kimya kwa saa mbili hukutana na nafsi yake, na habari ya Krismasi ina sehemu moja ambayo sisi wenye kazi hii hatuwezi kuiruka. Mathayo anasimulia kwamba Herode alituma watu kuwaua watoto wanaume wa Bethlehemu. Hasemi walikuwa akina nani. Lakini twaweza kuwadhania: watu wenye silaha, wenye mshahara, waliopewa amri. Hapana hata mmoja wao tuambiwaye kwamba alikataa. Miaka thelathini hivi baadaye, askari walimwendea Yohana Mbatizaji kandokando ya Yordani wakimwuliza wafanye nini, naye hakuwaambia waache uaskari. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasimsingizie mtu, na watosheke na mshahara wao. Askari polisi asimamaye barabarani mwezi wa Desemba, wakati wa magari mengi na noti nyingi, anaelewa bila kufafanuliwa.

Adui naye anayo kalenda. Tarehe 14 Desemba 2008 majeshi yetu, pamoja na yale ya Kongo na ya Sudani ya Kusini, yalianza operesheni dhidi ya waasi wa LRA katika misitu ya Garamba. Siku kumi hivi baadaye waasi hao waliviingia vijiji vya Doruma, na siku ya Krismasi yenyewe wakauingia mji wa Faradje, wananchi walipokuwa wamekusanyika kwa sikukuu. Mamia waliuawa katika majuma yale. Tarehe 25 Desemba 2014, huko Mogadishu, ambako wanajeshi wetu walianza kuwasili Machi 2007, kambi ya Halane ya Umoja wa Afrika ilishambuliwa mchana wa Krismasi. Siyakumbushi haya ili kutia hofu. Mwananchi aweza kuimba usiku ule kwa sababu yuko mtu asiyeimba.

Na mtu huyo asiulize dini ya anayemlinda. Tarehe 21 Desemba 2015 magaidi wa Al-Shabaab walilisimamisha basi karibu na El Wak, nchini Kenya, wakawaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja kabla, katika jimbo hilo hilo la Mandera, utengano kama huo ulikwisha kwa kuuawa watu 28. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake waliwagawia Wakristo mitandio yao wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Hakuwa na bunduki wala kiapo cha utumishi, tena Krismasi haikuwa sikukuu yake. Yamkini yeye aliiadhimisha kuliko wengi wetu tulioshiba siku ile.

Ukarimu wa namna hii ni wa kale katika upande wetu huu wa Afrika. Sira yasimulia kwamba takriban mwaka 615 Waislamu wa kwanza waliikimbia Makka wakaomba hifadhi kwa Najashi, mfalme Mkristo wa Uhabeshi. Wakuu wa Makka wakatuma wajumbe wenye zawadi ili wakimbizi wale warudishwe. Mfalme alitaka kwanza kuwasikiliza wenyewe. Jaafar bin Abi Talib akamsomea mwanzo wa sura ile ile ya Maryamu, mfalme akalia, zawadi zikarudishwa na wakimbizi wakabaki. Nchi yetu leo inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja, na wengi wao walipovuka mpaka, mtu wa kwanza waliyemwona alikuwa amevaa sare.

Basi yako mambo mawili ambayo wakuu wa vikosi waweza kuyatenda bila gharama. La kwanza ni juu ya pombe: mwenye silaha asiinywe kabisa, na mesi ifungwe mapema usiku wa tarehe 24, hata kama watu watanuna. La pili ni zamu. Katika vikosi vingi askari Waislamu hujitolea kukamata lindo ili Wakristo waende ibadani. Ni desturi njema sana, ila huo wema usiwe wa upande mmoja tu. Orodha ya tarehe 24 na 25 bado iko mezani kwa sajini meja. Mkristo atakayeachiwa nafasi na mwenzake na aliandike jina lake, siku hiyo hiyo na kwa wino, katika zamu ya Idd al-Fitr ijayo, ijapokuwa tarehe yake yangoja mwezi uandame.