Wito Haushurutishwi Wala Hauuzwi



Kila mwaka, Jumapili ya Nne ya Pasaka, ambayo ni Jumapili ya Mchungaji Mwema, Kanisa lote huombea miito. Desturi hiyo ilianzishwa na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964. Lakini sala pasipo haki ni maneno matupu. Haifai tumwombe Bwana wa mavuno apeleke watenda kazi, kisha tukirudi nyumbani tumzuie yule anayemwita, au tumsukume yule asiyemwita. Juu ya jambo hili hatuwezi kunyamaza.

Tuanze na wanaozuia. Binti anawaambia wazazi wake kuwa anatamani utawa. Jibu analopewa ni hesabu: ng'ombe wa mahari watatoka wapi? Kaka yake atapata wapi mali ya kuolea? Hatuidharau mahari, wala haki ya wazazi kutunzwa uzeeni. Amri ya nne ya Mungu yatudai heshima hiyo. Lakini mtoto si akiba ya ukoo, na shukrani kwa wazazi si deni la kulipwa kwa maisha yake yote. Ndugu zake Tomaso wa Akwino walimteka mwaka 1244, wakamfungia kwa muda wa kama mwaka mzima ili asiwe Mdominiko. Leo nani angewakumbuka ndugu hao, isipokuwa kwa sababu ya yule waliyemfungia?

Wapo pia wanaosukuma. Mvulana anapelekwa seminari ndogo, naye anaagizwa asithubutu kurudi bila upadre, kwa kuwa familia imekwisha kujitangazia heshima. Akitambua kwa sala na kwa msaada wa walezi wake kwamba njia yake ni ndoa, anapokewa kijijini kama mtu aliyetoka gerezani. Anaitwa "aliyefukuzwa". Twauliza: seminari ni nyumba ya kupambanua wito au ni mtego? Kijana aliyepambanua vema na kutoka hakushindwa. Amefanya kazi ile ile aliyotumwa kuifanya. Wa kuhurumiwa ni yule anayesogea altareni kwa kuogopa aibu ya nyumbani, na pamoja naye waamini watakaokabidhiwa kwake.

Kanisa halikuliacha jambo hili mikononi mwa desturi. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwalaani wanaomshurutisha mwanamke kuingia utawani, na papo hapo ukawalaani wanaomzuia bila sababu ya haki. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unasema katika kanuni ya 219 kuwa waamini wote wana haki ya kuchagua hali ya maisha bila kushurutishwa. Kanuni ya 643 inasema kuwa anayeingia unovisi kwa nguvu, kwa hofu kubwa au kwa hila, kupokewa kwake ni batili. Nayo kanuni ya 1026 inakataza kabisa kumlazimisha mtu apokee daraja takatifu, na pia kumzuia anayestahili.

Mtakatifu Yosefina Bakhita anatufundisha jambo hili kwa maisha yake. Aliibwa utotoni huko Sudan, akauzwa mara kadhaa, mwisho akafikishwa Italia. Bibi yake alipotaka kumrudisha Afrika, Bakhita alikataa kutoka kwa masista wa Kanosa waliokuwa wakimfundisha dini mjini Venezia. Tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ilitamka kuwa yeye ni mtu huru. Alibatizwa Januari 1890, akaweka nadhiri mwaka 1896. Tuangalie utaratibu huo: kwanza haki, kisha nadhiri. Mtumwa hawezi kujitoa, maana aliyemilikiwa hana cha kutoa.

Wako watakaosema: "Je, wazazi na mapadre wasiseme neno?" Waseme! Kushauri ni wajibu. Lakini Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho yaliyochapishwa mwaka 1548, anamwonya mwongozaji asimvute anayesali upande huu wala ule, bali akae kama mizani, ili Muumba aseme mwenyewe na kiumbe chake. Naye Bwana wetu alipomwita kijana tajiri (Mk 10:17-22), alimtazama kwa upendo; alipokwenda zake kwa huzuni, hakumkamata. Ikiwa Mungu mwenyewe hashurutishi, sisi ni nani?

Tusiogope kusema pia yaliyomo ndani ya nyumba yetu. Msichana anayekuja kuomba utawa si kibarua wa bure. Kumweka miaka jikoni na shambani bila malezi, kisha kumrudisha kwao mikono mitupu, ni dhuluma. Kanuni ya 702 inayadai mashirika kuwatendea kwa haki na mapendo ya kiinjili hata watawa wanaotoka. Si zaidi huyu ambaye hajaweka nadhiri yoyote?

Tena tuache kusema kuwa asiye padre wala sista "hana wito". Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1964 kuwa wote wameitwa kwenye utakatifu. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mume, baba na mwanasiasa. Hata hivyo Jimbo la Musoma lilianza mwaka 2005 kushughulikia kesi ya kutangazwa kwake mwenye heri.

Kwa hiyo twadai:

1. Wazazi wasiitumie mahari wala heshima ya ukoo kama mnyororo.
2. Parokia zimpokee kwa heshima kijana anayetoka seminari au utawani, na kumpa nafasi ya kutumikia.
3. Mashirika yampe kila mwombaji malezi ya kweli, muda uliowekwa wazi, na kiongozi wa kiroho asiye mkubwa wake wa kazi.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

Katika jumuiya yetu, ni nani aliyezuiwa au kusukumwa, na sisi tulinyamaza kwa nini? Aliyerudi kutoka seminari, je, leo anaketi pamoja nasi?