Vitafunio vya Uhispania na Hadhi ya Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mtembezi hula miguu yake. Methali hii ina ukweli wake, lakini ifikapo Granada, kusini mwa Uhispania, hupungukiwa na nguvu. Huko mtembezi hula akashiba, na aghalabu chakula chenyewe hakilipii. Aagizapo kinywaji, hata kiwe soda, huletewa kisahani cha chakula bila nyongeza ya bei. Akiagiza kinywaji cha pili, huletewa kisahani kingine, mara nyingi cha aina nyingine. Chakula hicho kidogo ndicho Wahispania wakiitacho tapa, nacho ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya. Nia yangu si kusifu mapishi ya wageni. Nataka kuonyesha jinsi watu wanaothamini majina ya vyakula vyao wanavyoifanya lugha yao iheshimiwe hata na wasioijua, kisha niulize kwa nini sisi tunafanya kinyume.

Tuanze na neno lenyewe. Tapa kwa Kihispania ni kifuniko, nalo lina uhusiano na kitenzi chenye maana ya kufunika. Wako wasemao kwamba hapo kale wenye mikahawa walifunika bilauri kwa kipande cha mkate au cha nyama ili kuzuia nzi. Wengine humtaja Mfalme Alfonso wa Kumi, aliyetawala Castilla kuanzia mwaka 1252 hadi 1284, kwamba ndiye aliyeamuru mvinyo usiuzwe bila chakula. Hadithi hizi ni za barazani zaidi kuliko za maktabani. Lisilo na shaka ni kwamba jina la kitu duni, kifuniko tu, limepanda cheo likawa jina la utamaduni mzima.

Nilipoishi nchini humo kwa ajili ya utafiti, nilikuwa na marafiki watatu: mmoja mwenyeji wa Sevilla, wa pili Mbaski, na wa tatu Msenegali. Jioni tulizoea kuzuru mikahawa kadhaa. Desturi ni kula kidogo hapa, mkiwa mmesimama kwenye kaunta, kisha kwenda kwingine. Kila mmoja hutoa kiasi sawa cha fedha, zikawekwa pamoja na kukabidhiwa mtu mmoja, naye hulipa kila mwendapo. Mchango huo una jina lake, bote. Mwendo wenyewe una kitenzi chake, tapear, na nomino yake, tapeo. Hata ukubwa wa chakula una msamiati: kidogo kabisa ni tapa, kikubwa zaidi ni nusu ya ración, na sahani nzima ya kugawana ni ración. Mwanafunzi wa isimu ataona hapa jinsi shughuli ndogo ya watu inavyozaa maneno pindi watu hao wanapoifikiri kwa lugha yao wenyewe.

Majina hayo hayakuwa pambo. Rafiki yetu Msenegali ni Mwislamu, na nyama ya nguruwe imejaa katika mikahawa ya Uhispania. Jina la chakula ndilo lililokuwa kinga yake ya kwanza. Alijifunza upesi kulikwepa neno jamón, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na kuyakimbilia majina ya samaki, kamba, mayai na viazi.

Nami nilipata burudani yangu. Huko Andalusia viazi huitwa papas, na Granada hupika papas a lo pobre, yaani viazi vya kimaskini, vilivyokaangwa polepole kwa mafuta ya zeituni pamoja na vitunguu na pilipili mboga. Mswahili asikiapo jina hilo hutarajia kuletewa papa wa baharini!

Lakini mara nyingi maneno yalinipokea kama jamaa. Meza tuliyoizunguka iliitwa mesa, maana neno letu tulilipata kwa Wareno, ambao lugha yao ni ndugu wa Kihispania. Zeituni ziliitwa aceitunas, sukari azúcar, zafarani azafrán. Sababu ni Kiarabu. Utawala wa Waislamu katika rasi hiyo ulianza mwaka 711 ukakoma Granada ilipotekwa mwaka 1492, na Kihispania kikarithi maneno mengi ya Kiarabu. Tofauti ni kwamba Wahispania aghalabu waliyachukua pamoja na kile kiambishi cha Kiarabu cha mwanzo, ilhali sisi katika majina ya vyakula kwa kawaida tulikiacha. Ajabu zaidi ni albóndiga, tonge la nyama ya kusaga. Limetoka katika neno la Kiarabu bunduq, aina ya kokwa au kitu kidogo cha mviringo, na wanaisimu wengi hulihusisha neno hilohilo na bunduki yetu, kwa sababu ya risasi zake. Neno moja likaenda Andalusia likawa kitoweo, likaja kwetu likawa silaha!

Nayataja haya ili nisije nikadhaniwa kuwa nachukia maneno ya kigeni. La hasha. Kukopa si aibu. Bajia, kachori na chapati zimetoka Bara Hindi, nasi tumezipa makao katika ngeli zetu. Aibu ni kuwa na jina letu, kisha tukalificha mgeni anapobisha hodi.

Hapa ndipo Wabaski wanapotufunza. Wazungumzaji wa Kibaski hawafiki milioni moja. Chini ya utawala wa Franco, uliokoma alipofariki mwaka 1975, lugha yao ilifungiwa milango ya shule na ofisi. Ilipewa hadhi rasmi katika jimbo lao kwa sheria ya mwaka 1979. Ukifika San Sebastián, mji ambao wao huuita Donostia, utakuta kaunta zimesheheni vitafunio vilivyochomekwa vijiti. Wahispania huviita pincho, kutokana na kitenzi cha kuchoma kwa ncha. Wabaski walilichukua neno hilo wakaliandika kwa tahajia yao: pintxo. Matamshi ni yaleyale. Kilichobadilika ni herufi. Leo mgeni kutoka Marekani au Japani huandika pintxo kwa herufi za Kibaski bila kunung'unika, na hurudi kwao akiwa na neno moja la lugha hiyo ndogo.

Sasa tutazame kwetu. Katika hoteli nyingi za Nairobi na Mombasa, orodha ya vyakula huandikwa kwa Kiingereza. Tapa za Wahispania zikiwemo, huandikwa kwa jina lao, na hakuna anayethubutu kuzitafsiri. Lakini mbaazi za nazi huvuliwa jina zikavishwa maelezo marefu ya Kiingereza. Vitafunio kwa jumla tumevibandika jina «bitings», neno lenye sura ya Kiingereza ambalo Mwingereza mwenyewe halitambui kwa maana hiyo. Yote haya yanatendeka katika nchi ambayo Katiba yake ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Wenye hoteli watajitetea kwamba mtalii hatafahamu. Hoja hii ni dhaifu. Mtalii huyohuyo hakufahamu pintxo alipofika Donostia. Jina liandikwe juu kwa Kiswahili, na maelezo yafuate chini yake kwa lugha yoyote atakayo mgeni. Mtu asafiriye maelfu ya kilomita hakuja kutafuta alichokiacha nyumbani.

Hasara kubwa zaidi imo darasani. Mwanafunzi akitakiwa kuandika insha kuhusu karamu, msamiati humwishia kwenye pilau na soda. Viazi karai vilivyochovywa katika ukwaju, mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, kaimati, vibibi, mkate wa sinia, mkate wa mofa: haya yote hupikwa pwani, lakini kwa wanafunzi wengi wa bara ni kama maneno ya nchi ya mbali. Nayo majina kama muthokoi, mursik na aliya, ambayo jamii zetu nyingine zimeyahifadhi, hayajakaribishwa ipasavyo katika Kiswahili kama Wabaski walivyolikaribisha neno la jirani yao.

Nawasihi walimu wenzangu wautumie msamiati wa jikoni kufundishia. Ngeli zimo sahanini: kitumbua na vitumbua, mshikaki na mishikaki, andazi na maandazi. Unyambuaji umo vilevile, kutoka kutafuna hadi kitafunio. Wanafunzi nao wakusanye majina ya vyakula vya mitaani na vya nyumbani kwao, pamoja na maelezo ya jinsi vinavyopikwa, kabla wapishi wanaoyajua hawajatutoka. Kazi hii haihitaji fedha za serikali wala kibali cha kamati. Inahitaji daftari, kalamu, na kijana aliye tayari kumwuliza nyanya yake jina la kile alichokipika.