Mwokoaji wa Zimamoto Afundishwe Tiba ya Dharura

Shimo la dhahabu linapoporomoka katika nchi ya Kahama na Geita, wa kwanza kufika siku zote ni wachimbaji wenyewe, wakiwa na sululu, koleo na kamba. Baada yao huja askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mganga ndiye wa mwisho, na mara nyingi yeye hafiki kabisa, bali majeruhi ndiye apelekwaye kwake, akiwa amelazwa juu ya gari la mizigo au amebanwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Mkazi wa Nyahanga, kata iliyomo katika Manispaa ya Kahama, haoni ajabu katika utaratibu huu, kwa kuwa hajazoea mwingine. Wanaopaswa kuona ajabu ni watumishi wa umma waliokabidhiwa dhamana ya kupanga.

Jambo lenyewe ni hili. Kati ya mdomo wa shimo na mlango wa hospitali pana muda ambao majeruhi huwa mikononi mwa watu wenye moyo wa huruma lakini wasio na maarifa ya kumtunza. Katika muda huo ndipo wengi hupotea. Taifa limejenga hospitali, tena limeanza kuwafundisha mabingwa wa tiba ya dharura tangu idara ya Muhimbili ilipofunguliwa mwaka 2010. Lakini bingwa aliyeketi hospitalini hawezi kumrudishia damu mtu aliyekwisha kuimwaga yote njiani.

Itakumbukwa kwamba mwezi Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wamekula mende na vyura na kunywa maji machafu yaliyokuwa yakitiririka kutoka juu. Mmoja wao alifariki baadaye akiwa katika matibabu. Magazeti ya dunia nzima yaliandika habari za ule muujiza, na muujiza ulikuwapo kweli. Ila mtu aliyekaa na njaa siku 41 hapewi ugali na maji mengi kwa furaha ya kumwona. Mwili uliozoea kukosa huweza kuangamizwa na chakula cha ghafla. Maarifa ya namna hiyo yanatakiwa yawepo pale pale shimoni, dakika ile mtu anapovutwa nje.

Mwezi Januari 2017, katika mgodi wa RZ huko Nyarugusu, Geita, watu 15 walitolewa wote wakiwa hai baada ya siku tatu chini ya ardhi, kwa juhudi za pamoja za Serikali na waokoaji wa migodi mikubwa. Jambo la kuzingatia hapo ni kwamba migodi mikubwa ina vikosi vyake vya uokoaji, vyenye zana na mafunzo. Mchimbaji mdogo hana kikosi. Mwezi Januari 2024 machimbo ya Ng'alita, wilayani Bariadi, yaliwafukia watu 22, na kazi ya uokoaji ikageuka kuwa kazi ya kutoa miili.

Wapo wasemao kwamba kumtoa mtu kifusini ni kazi ya nguvu, na kwamba tiba ingoje hospitali. Wanaosema hivyo hawajui kifusi kinavyoua. Mtu aliyekandamizwa paja na jiwe kwa saa kadhaa huweza kuzungumza vizuri, hata akataniana na wenzake wanaomchimbua. Lakini nyama iliyobanwa hufa taratibu na kujaa sumu. Jiwe likiinuliwa ghafla, sumu ile hurudi katika damu, ikaushtua moyo na kuziharibu figo. Daktari Eric Bywaters aliyaona hayo mjini London na kuyaandika mwaka 1941, kwa watu waliotolewa chini ya nyumba zilizobomolewa kwa mabomu. Dawa yake kubwa ni maji ya chumvi yapitishwayo katika mshipa kabla jiwe halijaondolewa. Hapa mwokoaji na mtabibu hawawezi kutenganishwa: asiyejua tiba aweza kumuua majeruhi kwa tendo lile lile la kumwokoa.

Tena kuna hewa. Mashine ya kuvuta maji ikiwashwa ndani ya duara, moshi wake hujaza shimo sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu wa kwanza huanguka, wa pili humfuata kumwokoa akaanguka, na wa tatu vilevile. Ujasiri wa wale wawili ni wa kusifiwa, lakini ungefaa zaidi kama wangefundishwa kuzima mashine, kupitisha hewa na kufunga kamba kiunoni kabla ya kushuka.

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 iliviondoa vikosi vya zimamoto katika halmashauri, ikaviweka chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na kuongeza uokoaji katika jina na katika wajibu. Hatua hiyo ilikuwa sahihi. Hata hivyo gari la wagonjwa lilibaki upande wa afya na halmashauri. Matokeo yake, tukio moja la ajali hushughulikiwa na mikono miwili ambayo haina bega moja. Anayepiga namba 114 humpata askari wa zimamoto. Kama gari la wagonjwa litafika, hilo hutegemea simu nyingine, dereva mwingine, na mara nyingine saini ya mtu mwingine kwa ajili ya mafuta. (Mfanyabiashara wa mjini, kwa upande wake, hulifahamu zaidi Jeshi hili kwa tozo ya ukaguzi wa kinga ya moto. Si vizuri Jeshi la kuokoa maisha lijulikane kwa stakabadhi.)

Nchi nyingine zilikwisha kulitatua jambo hili. Mjini Seattle, Marekani, askari wa zimamoto walianza mwaka 1970 kufanya kazi ya utabibu wa dharura baada ya kufundishwa na madaktari wa moyo, kwa hoja nyepesi kwamba vituo vya zimamoto vilikwisha kutawanywa kila mtaa na watu wake hawalali. Nchini Ufaransa sehemu kubwa sana ya wito wanaoitikia wazimamoto ni wa wagonjwa na majeruhi. Moto ni sehemu ndogo. Watetezi wa mazoea watajibu kwamba hizo ni nchi tajiri. Na waangalie basi Pittsburgh, mwaka 1967, ambako vijana weusi wa mitaa maskini, wengi wao wasio na kazi, walifundishwa tiba ya dharura na kuwa miongoni mwa watabibu wa kwanza wa gari la wagonjwa katika Marekani nzima. Hawakuwa na utajiri wowote, walifundishwa, wakaaminiwa.

Mfano mwingine uko hapa hapa nyumbani. Mpango wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema na Mkoa wa Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwezi Aprili 2022, unampa mama mjamzito na mtoto mchanga namba 115. Pasipo na gari la wagonjwa, mratibu humtuma dereva wa kawaida wa kijijini aliyeandikishwa, naye hulipwa kwa simu. Mkoa uliomudu kuupanga usafiri wa mama mzazi kwa teksi za wananchi hauwezi kudai kwamba hauna njia kwa mchimbaji aliyevunjika nyonga. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuziunganisha 114 na 115 katika chumba kimoja, chini ya mratibu mmoja.

Uamuzi huo uanzie chuoni. Chuo cha Zimamoto na Uokoaji kilichoko Chogo, Handeni, ndicho kiwandani pa Jeshi. Huduma ya kwanza isiwe somo la siku chache pembeni ya gwaride na mipira ya maji. Kila askari atoke akijua kuzuia damu, kufungua njia ya hewa, kukaza mfupa na uti wa mgongo. Na katika kila zamu wawepo wachache waliosoma zaidi na kukaa wodini wakiwatazama wauguzi. Wapangwao Kahama na Geita wafundishwe na wachimbaji habari za maduara na matimba, maana hilo halimo vitabuni. Ndege ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi ndio waliowahi kwa mitumbwi. Watu 19 kati ya 43 walikufa. Rais alielekeza kijana mmoja wa wavuvi hao aingizwe katika Jeshi hili. Ilikuwa heshima iliyostahili, lakini wavuvi wenzake waliobaki ziwani nao wangali wanahitaji kufundishwa.

Na askari mwenyewe asisahauliwe. Mtu anayeshinda akichambua kifusi na kutoa miili ya vijana wa umri wake hurudi nyumbani na picha zile kichwani. Gwanda na viatu imara, glavu za kumkinga na damu ya majeruhi, posho inayofika kwa wakati, mapumziko baada ya tukio zito, na mtu wa kuzungumza naye, yote hayo ni zana za kazi kama ilivyo ngazi. Afisa anayeyaita anasa hajawahi kushuka shimoni.

Walimu nao wanahusika. Mwezi Septemba 2020 bweni la shule ya Byamungu, wilayani Kyerwa, liliungua na watoto 10 wakafa. Katika nchi hii hii ya Kahama, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi walijipanga wenyewe kwa sungusungu: mwano ulipopigwa, kila mtu mzima alitoka, na kila mmoja alijua nafasi yake. Mwitikio huo bado upo. Shimo likiporomoka leo watu wa Nyahanga watakimbilia huko kabla ya king'ora chochote. Halmashauri, Jeshi na shule zinaweza kuanza na hao hao watakaokimbia, kata kwa kata, kwa machela, bandeji na mafunzo ya wiki moja, wakati wizara mbili zikiendelea kuandikiana barua.