Tuanze na Haja

Wanachama wenzetu,

Msimu wa karafuu ukikaribia, barazani kila mtu huwa amekwisha kuzigawa fedha ambazo bado zi mtini. Huyu ataezeka nyumba, yule ataoza, wa tatu asema hapana budi apate gari. Hatuna neno juu ya hayo. Kila mtu ni bwana wa mali yake. Lakini twaona yafaa tukumbushane kwamba wengi wetu huanza kwa kutaja kitu, kabla ya kuitaja haja.

Chukueni mfano wa gari. Tumwulize mwenzetu: walitaka gari, au wataka karafuu zako zitoke shamba na kuanikwa kabla hazijapata joto katika magunia? Ikiwa haja ni hiyo ya pili, njia ni nyingi. Aweza kukodi gari pamoja na jirani zake. Aweza kusafisha uwanja karibu na shamba. Aweza kuongeza majamvi na watu wa kuchambua. Pengine gari ndilo jawabu, pengine silo. Bali aliyeanza na gari hakujipa nafasi ya kuyapima mengine.

Na kukosea hapa kuna hasara. Karafuu mbichi zikirundikwa bila kuanikwa huchemka, zikakauka nyeupe nyeupe na zenye mikunjo, na bei yake hushuka. Ni hasara iliyoje mtu kuwa na gari mlangoni na kukosa jamvi la kuanikia!

La pili ni kuuza mavuno yangali mtini. Mzazi ana haja ya fedha za skuli ya mtoto mwezi huu. Hiyo ni haja ya kweli, wala hatumlaumu. Lakini haja yenyewe ni ya kiasi, naye auza msimu wa shamba zima kwa bei ya kutupa. Lau angeipima kwanza, pengine angeona kwamba kukopeshwa na ndugu, au kuuza mavuno ya miti michache tu, kungemtosha, na shamba likabaki lake.

La tatu ni haja ya shamba lenyewe, ambalo halina ulimi wa kudai. Mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Mavuno makubwa aghalabu hufuatwa na madogo. Basi fedha za mwaka wa neema si za mwaka huo peke yake. Tena mche uliopandwa leo hukaa miaka sita hata minane kabla ya kuanza kuzaa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na waliotaka kurejesha mashamba yao hawakuwa na njia ila kupanda na kungoja. Mti mkongwe ukifa leo bila mche kando yake, nasi tutangoja vivyo hivyo.

Wako watakaosema kwamba heshima nayo ni haja, na arusi haifanywi kwa mkono mtupu. Twakubali. Lakini arusi ipimwe kwa uwezo wa mwenyewe, si kwa arusi ya jirani. Wazee walisema: usisafirie nyota ya mwenzio.

Kwa hiyo twashauri kila mume na mkewe, kabla ya kuchuma, wakae waandike mambo matatu: haja ni ipi, ni ya kiasi gani, na yatakiwa lini. Kisha watafute njia zaidi ya moja ya kuitimiza, ndipo waamue. Na katika mikutano ya chama chetu pia, atakayeomba kitu na aeleze kwanza haja yake, ili sote tusaidiane kuitafutia njia iliyo nafuu.

Mwenyezi Mungu atujaalie mavuno mema na jua la kutosha.