Miti milioni 1.5, na mbegu zinafia kitaluni

KILA halmashauri nchini ilipewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na ifikapo Aprili mosi, siku ya kupanda miti, takwimu husomwa majukwaani. Kisichosomwa ni idadi ya viriba vilivyobaki vitupu kitaluni kwa sababu mbegu hazikuota.

Hasara hiyo huwaangukia wenye vitalu vidogo, wakiwamo vikundi vya kina mama na vijana, ambao wameshanunua viriba na samadi na kumwagilia kwa wiki kadhaa. Huambiwa mbegu ilikuwa mbovu. Wakati mwingine ni kweli. Lakini pia mbegu huwa nzima, ila haikuandaliwa.

Mlusina, mjohoro na migunga mingi ina mbegu zenye ganda gumu lisilopitisha maji. Kazi yake haihitaji shahada: maji yachemshwe, yaepuliwe jikoni, yamiminwe juu ya mbegu na kuachwa yapoe hadi kesho yake. Zilizovimba zipandwe, ambazo bado zirudiwe. Kuzitia mbegu zenyewe kwenye sufuria iliyo motoni ni kuzipika. Mtiki ni msumbufu zaidi. Huloweshwa usiku na kuanikwa juani mchana kwa wiki moja au mbili, na hata hivyo huota kwa kupishana.

Balaa ni pale dawa moja inapotumika kwa kila mbegu. Mwarobaini ukimwagiwa maji ya moto, umekwisha. Tunda lake limenywe, mbegu ioshwe, ikaushwe kivulini na kupandwa mapema, maana hupoteza uhai ndani ya wiki chache. Ikifungwa mbichi kwenye mfuko wa plastiki huoza. Mlusina, kinyume chake, ukikaushwa vizuri na kuwekwa kwenye chombo kisichopitisha hewa hukaa miaka.

Ndiyo maana mbegu inayouzwa sokoni ndani ya kipande cha gazeti, bila tarehe ya kuokotwa, ni bahati nasibu. Halmashauri zinazonunua mbegu kwa fedha za umma zikatae pakiti isiyo na jina la mti, tarehe, mahali ilipookotwa na namna ya kuiandaa. Wauzaji watalalamika kuhusu gharama, ingawa lebo ni karatasi tu.

Kwa sasa mwenye kitalu ajaribu mbegu 100 kwanza. Zikiota 40, kila kiriba kiwekwe mbegu tatu.