Sosi ya yaurti: tuifanye pamoja, nyumba kwa nyumba

Ndugu wasikilizaji wa Kisangani, na ninyi wazazi muliovuka mto kutoka Lubunga au muliofika hapa kwa njia zingine za vita, leo ninasema juu ya kitu kinachoonekana kidogo: sosi ya kuchovya. Wengine watacheka. Watasema watu wanatafuta chakula, wewe unaleta habari ya sosi! Lakini tuangalie sahani zetu vizuri. Fufu, chikwange, makemba, lituma, muhogo wa kuchemsha: hivi vinashibisha, vinatoa nguvu, lakini havijengi sana mwili wa mtoto. Kinachojenga ni kile kinachowekwa pembeni. Kwa hiyo sosi si mchezo. Pale ndipo mama anaamua kama mtoto atakula vizuri ao atashiba tu.

Tangu mwaka 2023, mzozo wa Wambole na Walengola umefukuza jamaa nyingi kwenye mashamba yao. Shambani mtu alikuwa na samaki, karanga, majani na kuku. Mjini kila kitu ni franka. Na pale franka inakuwa kidogo, nini kinanunuliwa pembeni ya makemba? Mara nyingi ni mayonezi ya sacheti na kibe ya kuungia mchuzi. Na mtoto akilia, ananunuliwa yaurti ya sacheti yenye sukari na rangi.

Sisemi mayonezi ni sumu. Mtoto mwembamba anahitaji mafuta. Lakini mayonezi ni mafuta karibu yote. Protini yake ni kidogo sana. Gramu 100 za yaurti bila sukari zinatoa protini karibu gramu 3 na nusu, pamoja na kalsiamu ya mifupa na meno. Na ile ya sacheti tamu, sehemu ya franka yako imenunua sukari na rangi.

Kuna wanaosema yaurti ni chakula cha wazungu. Hapana. Ndugu zetu wa Kivu wanakunywa mashanza tangu zamani za mababu, na wafugaji wa Ituri wanajua maziwa yaliyoganda. Sisi watu wa msitu hatukufuga ng'ombe sababu ya mbung'o na ukosefu wa malisho. Kwa hiyo maziwa yetu ni ya unga. Lakini unga huo unaweza kugeuka yaurti nzuri ndani ya nyumba ya mabati, bila mashine na bila umeme. Joto la Kisangani, ambalo kila siku tunalilalamikia, linasaidia maziwa yagande.

Namna ya kufanya ni hii. Chemsha lita moja ya maji mpaka yatokote vizuri. Yaache yapoe mpaka tone moja juu ya mkono liwe moto bila kuunguza. Koroga ndani gramu 125 za maziwa ya unga. Kopo la gramu 400 linatosha lita tatu. Soma kwanza kopo: kuna unga ambao mafuta ya maziwa yametolewa, yakawekwa mafuta ya mimea. Ukiweza, chukua ule wa maziwa kamili. Tia vijiko viwili vya yaurti isiyo na sukari, ile ambayo kopo lake limeandikwa «nature». Hiyo ndiyo mbegu. Funika, zungushia kikwembe kizito, uiache saa sita mpaka nane bila kuitikisa. Ikisha kuganda, kwanza weka pembeni vijiko viwili ndani ya kikombe safi chenye kifuniko: ni mbegu ya safari ingine. Inayobaki, imwage juu ya kitambaa kilichochemshwa, iachie maji kwa saa moja ao mbili. Inakuwa nzito, tayari kwa kuchovya. Yale maji usiyamwage. Yatie ndani ya uji.

Sasa sosi zenyewe. Ya kwanza: ponda avoka moja, changanya na vijiko vitano vya yaurti, ndimu, chumvi na pili-pili kidogo. Hiyo inapendana na makemba ya kuchoma. Ya pili: karanga za kukaanga zilizosagwa, vijiko viwili, na yaurti, chumvi na kitunguu saumu kilichopondwa. Ichovye na muhogo ao chikwange. Kwa mtoto anayekua, mimi ninaiweka mbele ya zingine. Ya tatu: maharagwe yaliyobaki jana, yakichemshwa tena, yapondwe na kuchanganywa na yaurti na kitunguu. Tango pia ni zuri, lakini limenye na ulioshe na maji yaliyotibiwa. Kolera tunaijua hapa, na sosi mbichi iliyoguswa na mikono michafu inageuka hatari. Sabuni kwanza.

Nasikia swali: na pesa? Hilo ndilo swali la kweli. Kopo la maziwa ni mzigo mkubwa kwa jamaa moja inayolala kwa watu. Tena mbegu ya yaurti, bila frigo, haikai sana. Nyumba moja ikifanya mara moja kwa wiki, mbegu inaharibika na kazi inaanza upya. Ndiyo sababu mimi ninasema yaurti ya mama mmoja peke yake itashindwa, lakini yaurti ya likelemba itasimama.

Wamama wetu wanajua likelemba ya pesa. Wafanye ya maziwa. Nyumba tano zinachanga kopo moja la gramu 400. Leo mama mmoja anapika lita moja. Inatoa vikombe vitano, kikombe kimoja kwa kila nyumba. Kesho wanapumzika. Kesho kutwa mama mwingine anachukua mbegu na kupika. Kwa namna hiyo kopo moja linafika siku sita, makala ya jiko inagawanywa, na mbegu haifi. Na nyumba hizo tano zichanganye: mbili za wenyeji, tatu za waliokimbia. Mbegu ikitoka mkono huu kwenda mkono ule, watu wanazoea kuulizana habari.

Kwa viongozi wa jimbo na mashirika yanayosaidia, neno langu ni fupi. Munapogawa unga, maharagwe na mafuta, muongeze maziwa ya unga kwa vikundi vilivyofundishwa, pamoja na sufuria yenye kifuniko na dawa ya kutibu maji. Msaada wa kutoka inje ulipunguka sana mwaka 2025. Kidogo kinachobaki kipite mahali ambapo watu wanaweza kukiongeza wenyewe.

Nisieleweke vibaya. Mtoto ambaye hajafikisha miezi sita ananyonya tu. Asipewe yaurti wala maji. Mtoto aliyekonda sana ao aliyevimba miguu apelekwe kituo cha afya. Sosi haiwezi kuchukua nafasi ya matibabu. Na mwenye samaki ao mbinzo nyumbani asiviuze ili anunue maziwa. Hivyo vina protini kuliko yaurti. Sosi iliyochanganywa iliwe siku ileile. Yaurti ikitoa povu, ikinuka vibaya ao ikiota ukungu, itupwe, hata kama roho inauma.

Watoto waliokuja na kilo chache za vitu juu ya mutumbwi wanakua hapa, sasa, siku kwa siku. Mifupa yao haingoji amani isainiwe. Tafuta majirani wanne wiki hii, muhesabu pamoja bei ya kopo moja, na muanze na lita moja.