Tukipima Sukari, Tuvue na Viatu

Asubuhi feri ya Likoni ikigusa gati upande wa kisiwani, Mombasa, watu humwagika nje kwa pamoja wakikimbilia matatu. Wengi wamevaa champali au makubadhi, na kukanyagana ni jambo la kila siku. Mwenye miguu mizima akijigonga kwenye chuma cha mlango wa feri, hupiga ukelele, akasugua kidole, akaenda zake. Aliyeishi na kisukari miaka kumi huenda asihisi kitu. Atajua ameumia jioni, akivua kiatu na kukuta damu imekauka ndani yake. Donda ndugu huanza hivyo, na vipo vidonda vinavyoishia kwa mguu kukatwa.

Mombasa utamsikia mtu akisema, “Mimi nina sukari kidogo tu.” Kauli hiyo humtuliza msemaji, na hapo ndipo penye hatari. Kisukari cha aina ya pili huweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma popote. Sukari iliyozidi katika damu huharibu mishipa midogo ya macho na figo, na kuifisha ganzi miguu. Ikiandamana na presha, mafuta katika damu na sigara, hubana mishipa ya moyo na ya ubongo. Bandu bandu huisha gogo. Uingereza, utafiti wa UKPDS ulioanza mwaka 1977 uliandikisha zaidi ya wagonjwa 5,000 ambao ndiyo kwanza wamegunduliwa. Karibu nusu yao walikuwa tayari na dalili za madhara. Ugonjwa ulikuwa umewatangulia hospitalini.

Basi fedha za umma ziende wapi? Wengi hujibu: pigeni mahema, watu wapimwe sukari bure. Wana hoja nzito. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu asilimia 88 ya Wakenya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa sukari. Tena hakuna mahali pa kuwapata watu kama Feri, ambapo mwenda kwa miguu huvuka bure na kila mtu, tajiri kwa maskini, husubiri.

Lakini ipo hoja ya upande wa pili, nayo isipuuzwe. Mwaka 2012, matokeo ya utafiti wa ADDITION kule Cambridge, uliohusu watu zaidi ya 20,000 walio katika hatari ya kisukari, yalionyesha kwamba kuwaita watu kupimwa hakukupunguza vifo katika muda wa karibu miaka kumi. Matokeo hayo hayatuambii tuache kupima. Uingereza karibu kila mtu ana daktari wake wa mtaani, na wengi wangegunduliwa hata bila kuitwa. Hapa anayekosa kupimwa leo huenda akagunduliwa siku anapopata kiharusi. Ila somo linabaki: namba peke yake haimponyi mtu. Hema la siku moja humpa mvukaji karatasi yenye namba, kisha feri inaondoka naye. Nani atamwangalia miguu mwakani?

Vifaa vya kupimia tunavyo. Septemba 2023 Serikali iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, na mikoba yao ina mashine za sukari na presha. Pengo liko baada ya kipimo. Aliyekwisha kugunduliwa anahitaji kila mwaka miguu iguswe kwa uzi wa nailoni kuona kama ina hisia, mkojo upimwe protini, na macho yaangaliwe kwa ndani. Presha ipimwe kila anapofika kliniki, kwa sababu utafiti uleule wa UKPDS ulionyesha kwamba kuidhibiti vyema kulipunguza kiharusi kwa asilimia 44. Dawa za presha ni za zamani na bei yake si kubwa.

Linganisha na mwisho wa safari. Figo zikifa, mgonjwa husafishwa damu mara mbili kwa wiki. Kila kikao hugharimu zaidi ya shilingi 10,000, yaani zaidi ya milioni moja kwa mwaka kwa mtu mmoja. Sisemi mashine za kusafisha damu ziondolewe. Anayezihitaji leo ana haki ya kuishi. Nasema nchi inayolipa gharama hiyo haiwezi kudai haina fedha za uzi wa nailoni na chupa ya mkojo.

Wako watakaosema kosa ni la mlaji, mwenye mahamri, viazi karai na chai ya vijiko vinne. Chakula kina sehemu yake, sawa na uzito wa tumbo na kukaa kitako kutwa. Lakini kuna hatari zisizochagulika: umri, wazazi wenye kisukari, sukari iliyompata mama akiwa mjamzito. Na anayetoka Likoni alfajiri hula kinachouzwa njiani. Kumlaumu hakumpi chakula kingine, na mara nyingi humfanya aufiche ugonjwa wake.

Kwa hiyo naiomba kaunti ya Mombasa iweke karibu na gati chumba cha kudumu badala ya hema. Awepo muuguzi, na kila mgonjwa awe na kadi inayosomeka katika zahanati za Likoni na katika hospitali kuu ya Makadara. Anayepimwa kwa mara ya kwanza aondoke akiwa na siku ya kurudi. Na yule mwenye “sukari kidogo” akiketi, muuguzi asikimbilie kumchoma kidole. Amwambie kwa heshima, “Vua viatu, mzee wangu,” amwangalie nyayo mpaka katikati ya vidole. Feri inayofuata haikawii.